Hodi kwa Wenye Ardhi

Lipo swali moja la maadili ambalo huonekana dogo mpaka mtu anapojaribu kulijibu. Mtu asiyeamini kwamba ardhi ina mwenyewe asiyeonekana, je, ana wajibu wowote wa kuomba ruhusa kabla ya kuilima? Yule anayeamini hana taabu na swali hili. Anamjua anayemwomba, anaijua sadaka itakiwayo, na akilima bila kuomba anajua kwamba amekosa na kwamba huenda mtoto wake akaugua. Taabu ni yetu sisi tuliofundishwa kwamba mvua huletwa na pepo za bahari na rutuba huletwa na mbolea, na ambao hata hivyo moyo hutuuma tuonapo mlima umekwanguliwa kama sufuria.

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuzichambua mila za kwetu. Safari hii nawaomba walimu wenzangu tuvuke bahari, tufike kwa Walawa wa kaskazini ya Thailand, kwa kuwa kwao swali hili halikubaki mezani mwa wanafalsafa. Lilipita mikononi mwa wafalme, likaingia katika sheria za misitu, na mpaka leo halijaisha.

Walawa ni jamii ndogo, watu wa maelfu tu, waishio katika milima iliyo magharibi ya mji wa Chiang Mai na katika wilaya ya Mae Sariang, mkoani Mae Hong Son. Wathai huwaita Lawa au Lua. Lugha yao si ya ukoo wa Kithai. Ni ndugu wa lugha ya Wawa waishio mpakani mwa Burma na China, na ni jamaa wa mbali wa lugha za Kambodia na Vietnam. Mwalimu wa lugha akisikia hayo huwa ameshang'amua jambo: watu hawa walikuwako kabla Wathai hawajafika. Nao Wathai hawakani, kwani simulizi zao wenyewe zakiri hivyo. Zamani Walawa walijulikana pia kwa chuma, hasa wale wa Bo Luang, lakini kilichowaleta wasomi wengi milimani kwao ni kilimo.

Zao kubwa ni mpunga wa mlimani. Ardhi ya kijiji imegawanyika katika mafungu, na kila mwaka hulimwa fungu moja, kisha fungu hilo hulazwa. Katika kijiji cha Pa Pae, ambako mwanaanthropolojia wa Kimarekani Peter Kunstadter alianza utafiti wake katika miaka ya 1960, mzunguko ulikuwa wa miaka 10 hivi: mwaka 1 wa kulima, miaka 9 ya kuiacha ardhi ipumzike. Mtoto aliyezaliwa mwaka fungu fulani lilipochomwa hulikuta tena akiwa na umri wa kutumwa kuni, na mara ya tatu akiwa kijana wa kuoa. Nyumba yake hurudi palepale palipolimwa na baba yake, kwa maana kila nyumba huijua sehemu yake ndani ya fungu, ijapokuwa hakuna hati wala kigingi.

Kazi huanza Januari, wazee wanapotangulia kwenda kulikagua fungu la mwaka. Wanaoongoza matambiko ni watu wa ukoo wa samang, wanaojihesabu kuwa wazao wa mfalme wa mwisho wa Walawa, ambaye habari zake zitakuja baadaye. Kuku huchinjwa, na katika mwili wake wazee husoma ishara. Ishara mbaya si kitu cha kufumbiwa macho: yatakiwa tambiko jingine, au mahali paachwe. Tena pako mahali pasipoulizwa kabisa, maana jibu lajulikana tangu kale, kama vile misitu ya makaburi na machaka yanayosemekana kuwa makao ya mizimu.

Ufyekaji nao una adabu zake. Miti mikubwa haikatwi shina, bali hupunguzwa matawi tu ili isilitie shamba kivuli. Iliyo midogo hukatwa na kuachiwa kisiki kirefu ili kichipue tena. Kando ya vijito na juu ya migongo ya milima huachwa mkanda wa msitu usioguswa. Yote yakishakauka, mwishoni mwa Machi, hufanyika kafara kabla ya moto. Kijiji kizima hutoka kufagia njia pana kuzunguka fungu ili moto usivuke kwenda katika ardhi iliyolala, na mashamba yote huchomwa siku moja. Vijana hupita mbio na mienge ya mianzi wakiwasha kingo, na mianzi iliyoko shambani hupasuka kwa mshindo kama bunduki. Saa chache tu, na kazi ya miaka 9 ya jua na mvua imekuwa jivu.

Mwezi Aprili hupandwa. Wanaume hutangulia na miuo mirefu yenye ncha za chuma wakitoboa vishimo, na wanawake na watoto hufuata wakitupia mbegu. Hakuna anayepanda peke yake. Leo kwa fulani, kesho kwa mwenzake, mpaka fungu limalizike. Kisha huja palizi, ndefu na ya kuinamia, inayowaangukia zaidi wanawake. (Wasimuliaji wa mila hupenda kukaa sana penye kafara na kupita haraka penye palizi. Nadhani sababu ni kwamba kafara hufanywa na wazee, na wazee ndio wahojiwao.) Shambani humo humo hujengwa vijimimbari vya kuwekea sadaka, na mpunga unapokua huombewa usiliwe na wadudu wala ndege. Walawa, kama majirani wao wengi, huamini kwamba mpunga una roho, na kwamba roho hiyo ni nyepesi kushtuka na kukimbia. Kwa hiyo wakati wa mavuno, Oktoba na Novemba, haitoshi kuubeba mpunga kwenda ghalani. Yafaa uitwe, ubembelezwe, ili uende wenyewe.

Hapa mwandishi wa Kiswahili hana budi kusimama kidogo na kuchagua maneno. Kithai kina neno moja, phi, ambalo hujumuisha maiti anayetembea usiku, mlinzi wa mji, mwenye mti na mwenye kijito. Sisi tumebarikiwa, au tumelaaniwa, kwa wingi wa maneno. Pepo hupanda kichwani mwa mtu. Jini ana taifa lake, na hata dini yake. Shetani ametia najisi kila kitu alichokaribia. Mzimu peke yake ndio unaotufaa, kwa sababu mzimu ni wa wafu na pia ni wa mahali: watu wa pwani wamesema tangu zamani kwamba wanakwenda mzimuni, wakiwa na maana ya pango au mbuyu panapopelekwa chetezo na sahani ya chakula. Mzimu una anwani. Na hiyo ndiyo sifa ya mizimu ya mashambani ya Walawa: humkuta mtu kwa sababu amepita penye makao yao, wala si kwa sababu wamemwandama.

Sasa turudi kwenye swali. Katika miaka ya 1960 na 1970, serikali nyingi za Asia ya Kusini-Mashariki ziliwatazama wakulima wa namna hii kama waharibifu. Wataalamu walijitokeza kuwatetea, na kitabu kilichohaririwa na Kunstadter na wenzake mwaka 1978, Farmers in the Forest, kilikuwa na uzito mkubwa katika utetezi huo. Walionyesha kwamba ardhi inayolazwa muda mrefu hurudisha rutuba na miti, na kwamba mwenye kukata na kuchoma si lazima awe mwenye kuangamiza. Utetezi huo ulikuwa wa haki, na ulihitajika.

Lakini nyuma yake limefuata wazo jingine, ambalo sasa husikika kila pahali, hata huku kwetu tunapozungumza juu ya misitu ya kaya za Wamijikenda. Wazo lenyewe ni hili: matambiko ni elimu ya mazingira iliyovaa kanzu. Mzimu wa kijito ni hifadhi ya chanzo cha maji. Msitu wa makaburi ni akiba ya mbegu. Kafara ya kabla ya moto ni mkutano wa usalama. Wasemao hivyo huwa wanawasifu wazee. Mimi naona sifa hiyo ina dharau ndani yake.

Mlawa anayechinja kuku kijitoni hasemi kwamba anahifadhi maji. Asema anazungumza na mwenye kijito. Tukimwambia kwamba kwa kweli anahifadhi maji ila hajui, tumemfanya kama mtoto aliyeambiwa kisimani mna zimwi ili asitumbukie: hofu yake yamfaa, lakini maana ya hofu hiyo i mikononi mwa wakubwa. Nasi tumejiteua kuwa wakubwa hao. Tena sifa hii haitadumu. Kama kuku alikuwa kwa ajili ya rutuba, basi siku gunia la mbolea litakapopanda mlima, kuku amestaafu. Kama mwiko ulikuwa kwa ajili ya maji, basi mhandisi aletapo bomba, mwiko hauna kazi. Jambo linalotetewa kwa faida yake tu halina neno la kujibu siku ijapo faida kubwa zaidi, na milimani faida kubwa zaidi zimekuja nyingi: mbao za msaji, kabichi, mahindi ya kulisha mifugo.

Kisha matambiko yenyewe hayafuati mpaka wa manufaa. Mengine hayaufaidii msitu hata kidogo, na hugharimu nguruwe au nyati wa kufugwa. Mtu mwenye kutafuta manufaa tu angeyatupa hayo na kuyabakiza yale ya kijitoni. Walawa hawakuyachambua hivyo, kwa sababu kwao yote yalikuwa tendo moja.

Tendo gani? Naona Kiswahili kinaweza kutusaidia kuliko vitabu vya wageni. Mtu afikaye kwenye nyumba ya mwenziwe husimama nje na kupiga hodi. Hupiga mara moja, mbili, tatu. Asipoitikiwa karibu, hurudi zake, hata kama mlango u wazi na harufu ya mchuzi yaja barazani. Tulilelewa hivyo, na tunawafundisha wanafunzi neno hili katika wiki ya kwanza, kwa kuwa ni fupi na latamkika. Aghalabu hatuwaambii jinsi lilivyo la ajabu. Hodi haipigwi na mwenye hakika. Mtu anayejua kwamba mwenye nyumba yupo na anamngojea angeweza kuingia tu, na anayejua kwa yakini kwamba nyumba ni gofu hapigi hodi. Hodi ni ya asiyejua. Anasimama mbele ya mahali pasipo pake, hajui kama ndani mna mtu, na kwa sababu hiyo hiyo anaita na kungoja.

Kwa hiyo naona tambiko la Mlawa, likitazamwa upande wa maadili yake, ni hodi. Na hodi haimlazimu apigaye awe ameshathibitisha kwamba mwenyewe yupo. Yamlazimu kitu kimoja tu, kigumu zaidi: awe tayari kurudi. Anayepiga hodi huku mguu umeshavuka kizingiti hajapiga hodi, amepiga kelele. Basi tukitaka kujua kama mila fulani ya kuomba ruhusa ina maana, tusianze kuuliza kama mzimu upo. Tuulize kama aombaye aliwahi kurudi na jembe lake begani kwa sababu ameambiwa hapana. Walawa wana pahali wanapoweza kupaonyesha kwa kidole na kusema: pale hatulimi.

Asiyeamini atauliza: nyumba nimejengewa kuta, naiona kuwa ni ya mtu, huo mlima ni wa nani? Jibu la kwanza laonekana siku ya moto. Mlima ule haukuwa mtupu. Waliokuwamo, wenye mabawa, wenye miguu na wenye mizizi, ama wamekimbia ama wamekufa ili sisi tule wali, na neno la kusema mbele ya kifo hicho, hata kama ni la lazima, si lazima litoke katika dini. Jibu la pili ni kwamba kuna waliolima pale miaka 10 iliyopita na watakaolima miaka 10 ijayo, nao wote ni wenyeji wa mahali pale kama tulivyo sisi, ila hawapo mlangoni.

Lakini hapa sina budi kukiri ugumu, maana hoja yangu ingekuwa rahisi mno. Wenyeji hao nilioorodhesha hawana sauti. Wadudu hawasemi hapana, wala wajukuu ambao hawajazaliwa. Mlawa aaminiye anayo njia ya kuisikia hapana: kuku, ishara, samang. Mimi nisiyeamini nitaisikia wapi? Katika dhamiri yangu, labda. Na dhamiri ya mtu mwenye njaa ya ardhi, au mwenye mkopo wa benki, ina desturi ya kuitikia karibu kabla hodi haijamalizika. Kuku alikuwa na fadhila moja kubwa: hakuwa mimi. Ishara yake ilitoka nje ya matamanio yangu. Waliouondoa mzimu mashambani hawakuweka kitu kingine chenye uwezo wa kukataa, na naona upungufu huo ni mkubwa kuliko kupotea kwa imani yenyewe.

Wala tusiipambe mila kupita kiasi. Ishara mbaya ikiweza kufutwa kwa tambiko la pili, na la tatu, mwombaji mwenye kuku wengi atapata ndiyo mapema kuliko maskini. Kafara za ugonjwa ziliweza kuimaliza mifugo ya nyumba huku mgonjwa yungali kitandani. Ukoo ulio na haki ya kuzungumza na wenye ardhi huwa na nguvu juu ya koo zisizo na haki hiyo. Si ajabu kwamba Walawa wengi walipoishika zaidi dini ya Kibudha, na wengine kuingia Ukristo baada ya wamishenari kuja milimani katikati ya karne ya 20, nafuu ya kutochinja iliwapendeza. Hofu ilikuwamo, na anayesema kwamba mtu huru afurahie hofu za babu yake mwenyewe hajalala usiku katika nyumba yenye mgonjwa.

Nimesema habari za mfalme zitakuja. Wathai wa kaskazini husimulia kwamba mfalme wa Walawa, Khun Luang Wilangka, alimtaka malkia Chamathewi wa Lamphun, mji ambao mapokeo huuweka mwanzo wake katika karne ya 7. Malkia hakumtaka, lakini hakutaka vita. Akamwambia arushe mkuki kutoka mlima Suthep. Ukianguka ndani ya mji, atakubali. Mkuki wa kwanza ulianguka nje kidogo tu ya ukuta. Malkia akaogopa, akamtumia zawadi ya kofia iliyoshonwa kwa nguo yake ya ndani. Mfalme kwa furaha akaivaa, nguvu zikamtoka, na mikuki iliyofuata haikufika popote. Hadithi hii huchekesha wasikilizaji, na ni hadithi ya mshindi. Mshindwa hupewa mapenzi ya kijinga na kofia ya aibu. Hata hivyo samang hutaja nasaba yao kwa mfalme huyo huyo, bila haya.

Lililo la ajabu zaidi ni yale waliyoyafanya washindi baada ya kushinda. Mfalme Mangrai aliposimika mji wa Chiang Mai mwaka 1296, aliusimika katika nchi ambayo mapokeo yaitambua kuwa ya Walawa, na nguzo takatifu ya mji, Inthakhin, husimuliwa kuwa awali ilikuwa amana ya Walawa kutoka mbinguni. Mwishoni mwa karne ya 18, Kawila alipoingia tena katika mji huo baada ya miaka mingi ya vita na Waburma, desturi ilitaka Mlawa atangulizwe kuingia, na mbwa wake, ndipo mtawala afuate. Chini ya kilima cha Doi Kham, kando ya Chiang Mai, bado huchinjwa nyati kila mwaka kwa ajili ya Pu Sae na Ya Sae, babu na bibi wa Kilawa waliokuwa wakila watu. Yasimuliwa kwamba Buddha aliwakataza. Wakaomba walau nyama ya nyati mara moja kwa mwaka, na mfalme wa nchi akawakubalia. Katika sherehe hiyo, mtu aliyepandwa na mizimu hiyo hula nyama mbichi mbele ya halaiki.

Basi washindi walipiga hodi. Swali ni kama ilikuwa hodi ya kweli, na kwa kipimo nilichotaja hapo juu, naona haikuwa. Hakuna mtawala wa Chiang Mai aliyerudi na jeshi lake kwa sababu Mlawa na mbwa wake wamesita langoni. Bonde la mto Ping lilikuwa limeshachukuliwa. Kilichobaki kwa wenyeji ni kutembea mbele ya msafara. Waliachiwa mizimu, wakanyang'anywa mabonde. Iko heshima ya namna hiyo duniani, wala haiko Thailand peke yake: kumtukuza mtu katika ngoma, mavazi na maonyesho ya sikukuu, na kumnyima neno pale ardhi yake inapogawanywa.

Ulinganishe hayo na Wakareni. Hao walipohamia katika milima ya Walawa, hasa katika karne ya 19, walikuwa wakiwatolea wenyeji sehemu ya mavuno kila mwaka kwa kutambua kwamba wanalima katika ardhi yenye wenyewe. Desturi hiyo baadaye ilififia, na Wakareni leo ni wengi kuliko Walawa. Lakini ilipokuwapo ilikuwa mpunga halisi, uliopimwa na kubebwa mgongoni. Hodi hiyo iligharimu.

Serikali ya kisasa haikupiga hodi ya aina yoyote. Idara ya Misitu ya Kifalme iliundwa mwaka 1896, wakati makampuni ya Kiingereza yalipokuwa yakikata msaji kaskazini, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Herbert Slade, aliyetoka katika huduma ya misitu ya Burma. Sheria ya misitu ya mwaka 1941 ilitamka kwamba msitu ni ardhi ambayo hajaimiliki mtu kwa mujibu wa sheria ya ardhi. Isome tena sentensi hiyo ukiwa Pa Pae. Mafungu 9 kati ya 10 yamelala, yameota miti, hayana hati. Kwa kalamu moja mashamba yakawa msitu, na wenye mashamba wakawa wavamizi. Sheria ya misitu ya hifadhi ya mwaka 1964 ilikaza kamba hiyo, na hifadhi za taifa nazo zikaja. Leseni za ukataji wa magogo katika misitu ya asili ziliendelea mpaka mwaka 1989, zilipofutwa baada ya mafuriko mabaya ya kusini ya mwaka uliotangulia. Kwa muda wote huo kampuni iliyochukua gogo iliitwa mwenye leseni, na mzee aliyeliacha gogo lisimame aliitwa mharibifu.

Walimu wa lugha watapenda kujua kwamba vita hivi vilipiganwa pia kwa maneno. Neno la Kithai lililozoeleka kwa kilimo cha milimani lilikuwa rai luean loi, shamba linalohama na kuelea ovyo. Watetezi wa wakulima walilikataa na kusema rai mun wian, shamba la mzunguko. Vitendo ni vile vile, panga ni lile lile, moto ni ule ule. Lakini neno la kwanza humwona mtu akiondoka, na la pili humwona akirudi. Asiye na mahali pa kurudi hana mahali pa kupiga hodi, naye huweza kufukuzwa popote. Sidhani kama waliobuni neno lile la kwanza walikaa kikao kulipanga hivyo. Maneno mengi mabaya huzaliwa na uvivu wa kutazama mara moja tu, mwaka wa moto, bila kungoja miaka 9.

Ardhi ilipopungua, mzunguko nao ulifupishwa mahali pengi, na ardhi iliyolala miaka michache haina nguvu ya ile iliyolala 9. Baadhi ya Walawa wana mashamba ya mpunga wa maji katika matuta, wengine hulima mboga za kuuza, na vijana wengi wamo katika kazi za mijini. Katika miaka ya karibuni, moshi wa kiangazi umekuwa balaa kwa afya ya watu wa Chiang Mai, na serikali hupiga marufuku uchomaji katika miezi ile ile ya kafara ya moto. Marufuku hiyo ina sababu ya haki. Ila mara nyingi katazo halikumtofautisha achomaye kwa mzunguko na achomaye mahindi ya biashara kila mwaka, wala halikuwa na sehemu ya kusikiliza.

Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya misitu ya jamii. Wanakijiji wanaweza kuomba kuusimamia msitu ulio karibu nao, mradi usiwe ndani ya hifadhi, lakini si kuulima. Kwa hiyo mzee wa Kilawa wa siku hizi anazo hodi mbili za kupiga. Ya kwanza aipiga Januari, kwa kuku mmoja, na jibu hulipata kabla ya jua kutua, liwe ndiyo au hapana. Ya pili huipeleka mkoani, kwa fomu, ramani na majina ya wanakijiji. Humo fomuni huulizwa msitu una ukubwa gani na uko nje ya mpaka wa nani. Fungu lililochomwa mara ya mwisho miaka 8 iliyopita, ambalo miti yake sasa imempita mtu kimo mara kadhaa, yeye bado huliita shamba.